Kung'uta Kwanza

Shuka la kwanza lilikuwa bado na joto la mgonjwa. Mama Kijacho, kama walivyomwita wenzake wa chumba cha kufulia tangu tumbo lichomoze, alilishika pembe mbili, akageuza uso pembeni, akalikung'uta. Ndiyo sheria: mkasi au sindano ikisahaulika ndani ya shuka, mashine inakufa. Na mashine ilikuwa moja tu.

"Bosi, haya yametoka wodi ya korona. Naomba barakoa. Au nihamishie kwenye pasi mpaka nijifungue."

Msimamizi alikuwa amevaa barakoa mbili. "Barakoa ni za wanaoingia wodini. Wewe unaingia?"

"Siingii. Wodi ndiyo inanijia."

"Mimba si ugonjwa, dada. Mimi mama yangu alinizaa shambani, jembe mkononi."

"Na hilo shamba lilikuwa linakohoa?"

Wenzake waliangua kicheko. Msimamizi hakucheka. "Getini wamejaa wanaoitaka kazi hii, tena matumbo yao bapa. Kung'uta."

Alikung'uta. Mtoto alimpiga teke la mbavu, naye akamjibu kimoyomoyo: tulia, baba, mkate wetu uko humuhumu.

Homa ilikuja kama mafua ya kawaida, akafanya kazi nayo hivyohivyo. Siku aliposhindwa kupanda ngazi bila kutweta, wenzake walimkokota hadi wodi ya wazazi. Muuguzi alisikia kikohozi, akaurudisha mlango. "Huyo si wetu. Mpelekeni korona."

Korona nako wakasema, "Sisi hatuzalishi."

Alijifungulia kwenye korido, kati ya milango hiyo miwili, mimba ya miezi saba, juu ya shuka alilolitambua kwa kiraka chake. Mtoto hakulia. Wakamviringisha katika shuka hilohilo.

Msimamizi alikuja asubuhi, akasimama mbali. "Pole, dada. Kazi ya Mungu haina makosa." Akalitazama furushi alilopakata wifi wa Mama Kijacho, aliyefika usiku. "Ila huyo mtafutieni kitambaa chenu. Shuka ni mali ya hospitali, haliendi kaburini."

Wifi alivua kitambaa chake cha kichwani. Kilitosha.

Baadaye, akiwa hoi kitandani, hewa ikimwingia kwa kuibia, Mama Kijacho alisikia sauti ngeni uani, chini ya dirisha.

"Bosi, hili lina damu. Nililoweke?"

"Kung'uta kwanza."

Shuka lilipasua hewa: pa! Halafu tena, pa!