Vidonge Vichungu vya Baba

Baba yangu, Pu Guangrong, alitengeneza lifti za jiji la Chengdu mpaka alipostaafu, na hakuwahi kuvumilia kitu kilichofungwa. Nyumbani kwetu redio mpya ilifunguliwa kwa bisibisi kabla haijawashwa. Kwa hiyo alipojiandikisha kwenye majaribio ya dawa ya mitishamba ya kisukari, mama alicheka tu. "Hao madaktari wamejitafutia balaa," alisema.

Majaribio yalikuwa ya hospitali moja ya tiba za asili mtaani kwetu. Vidonge vilitokana na huanglian, ule mzizi wa njano mchungu ambao bibi zetu walitunywesha kila tumbo lilipovurugika. Nusu ya wagonjwa wangemeza mzizi wenyewe, na nusu vidonge bandia vya rangi ileile na uchungu uleule. Nani kapata nini, hakuna aliyeambiwa, hata Daktari Shen Ruoxi aliyekuwa akiwapima. Daktari alilieleza hilo bila haraka, na baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Alipofika nyumbani akakipasua kidonge cha kwanza kwa wembe.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alivinusa, akaviloweka kwenye maji ya moto, akavilamba na kumlazimisha mama naye alambe. Alijitoboa vidole kupima sukari mpaka akashindwa kushika vijiti vya kulia chakula. Akila anasimama, akikaa, goti linacheza chini ya meza.

Kilichomtia wazimu zaidi ni mzee Tan Kaiwen, mwenzake wa kucheza mahjong kwenye nyumba ya chai, ambaye naye alikuwa kwenye majaribio. Sukari ya Tan ilikuwa ikishuka vizuri. Ya baba iligoma.

"Toa ulimi," baba alimwambia siku moja mbele ya watu wote.

"Nitoe ulimi kwani wewe daktari?"

"Toa bwana, nione kama umekuwa wa njano."

Tan akautoa, wazee wakaangua kicheko. "Mzee Pu, kubali tu," alisema Tan. "Mimi nimepata dawa, wewe umepata unga wa mahindi."

Aliyasema kwa utani, lakini baba alirudi nyumbani hana rangi. Kesho yake akanikokota kwenda naye hospitali.

"Daktari, mwanangu huyu ni shahidi, sitamwambia mtu," alinong'ona. "Nimepewa dawa au unga?"

"Mzee Pu, hata mimi sijui."

"Unajua. Mnajua wote."

"Nikijua nitakuangalia kwa jicho jingine, na wewe utajisikia nafuu kwa sababu mimi nimetabasamu. Sasa tutajuaje kama mzizi unafanya kazi?" Daktari Shen alimshika mkono. "Sukari ikizidi kiwango tulichopanga, nitakutoa na kukupa dawa ya kawaida. Ila usichanganye na kitu chochote. Tafadhali, mzee wangu."

Baba aliahidi, na nilimwamini.

Wiki chache baadaye sukari yake ikaporomoka. Baba akawa mtu mpya: anaimba bafuni, anamtania Tan, anaomba bakuli la pili la wali. Mimi nilifurahi. Mama hakufurahi. "Mbona anatetemeka mikono?" aliniuliza. "Mbona anaamka shuka zimelowa jasho?"

Jibu tulilipata sokoni, asubuhi, tukichagua majani ya njegere. Baba alianza kumtukana muuza mboga bila sababu, maneno yakimtoka kama ya mlevi. Kisha akaanguka juu ya vikapu.

"Kalewa asubuhi yote hii!" mtu alisema.

"Hajalewa, sukari imeshuka!" mama alipiga kelele. Alinyakua chupa ya soda mkononi mwa msichana aliyekuwa akipita, akampakaza baba soda ile ndani ya shavu kwa kidole, huku mimi nikiita gari la wagonjwa kwa simu iliyokuwa ikiniteleza.

Hospitali wakamtundikia dripu ya sukari. Alipozinduka, mama alikuwa ameshapekua koti lake na kukuta kopo la kapsuli lisilo na jina la kiwanda.

"Baba Yan, hii nini?" aliuliza, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake.

Baba akaangalia ukuta. "Mitishamba tu. Yule jamaa karibu na kituo cha basi aliapa ni mizizi mitupu, haina dawa ya kizungu hata chembe."

Daktari Shen alizipeleka maabara. Ndani kulikuwa na majani makavu yaliyosagwa, na dawa ya kawaida ya hospitali ya kushusha sukari, kipimo kikubwa kuliko ambacho daktari yeyote angethubutu kumpa. Baba alitolewa kwenye majaribio siku hiyo hiyo. Sikuwahi kumwona analia kabla ya hapo.

"Basi niambie sasa," alimwomba daktari. "Nilikuwa namezeshwa nini?"

"Subiri wenzako wamalize, mzee."

Walimaliza mwaka uliofuata. Mzizi ulisaidia, ila kidogo, chini ya walivyotarajia. Daktari Shen alilisema hilo waziwazi, ingawa uso ulimshuka. Baba alikuwa amepewa mzizi wenyewe. Tan ndiye aliyemeza bandia, na sukari yake ilishuka kwa kuwa mkewe alimfungia kabatini mikate ya mvuke na kumtembeza ukingoni mwa mto kila jioni.

"Unga wa mahindi!" Tan alirudia, amepigwa na butwaa. Baba hakucheka. Alivaa koti akaenda kituo cha basi kumtafuta yule muuzaji, safari ya sijui mara ya ngapi. Polisi tulishawaambia, na jamaa alishahama, lakini baba huwa anakwenda tu, akiuliza kibanda hadi kibanda.

Sasa anatumia dawa ya hospitali. Daktari Shen ameanza majaribio mengine, na humwalika azungumze na wagonjwa wapya. Baba hazungumzi sana. Huwaonyesha kovu la pale alipoangukia vikapu, kisha huwapa namba yake. "Ukisikia hamu ya kuongeza kitu chochote," huwaambia, "nipigie mimi kwanza."

Na wanapiga. Simu inalia tukila, inalia tukiwa tumelala mchana, na mama anatishia kuitupa dirishani. Baba huipokea amesimama, akizunguka meza: "Eh. Eh. Kopo lina jina? Usimeze. Nakuja."

Na kweli huenda.