Ndoo Moja, Dakika Ngapi?

Wiki ya tatu bila maji ya kueleweka, dobi wa mtaa ule alifanya jambo ambalo mtu mwenye akili zake halifanyi kabla ya chai: aliandika kwenye kundi la mtaa akiwa na hasira. "Majirani, maji yetu yanaibwa. Kinyozi tunayepakana ukuta anapata, mimi sipati. Jiulizeni yanaishia wapi." Watu mia na ishirini wakasoma. Siku hiyohiyo kinyozi alizichukua taulo zake, ambazo dobi alikuwa akimfulia kwa miaka tisa, akazipeleka kwingine.

Dobi alikuwa amebanwa kwelikweli. Shuka za kliniki ya uzazi zilikuwa zimerundikana dukani hadi dirishani, na muuguzi mkuu alishampa siku: zisiporudi safi Ijumaa, kazi inakwenda kwa mwingine. Bila kliniki, duka halipo. Na hiyo ilikuwa Jumatano.

Jioni kinyozi akajibu kundini, taratibu, kama anayenyoa kichwa cha mtoto. "Dada, badala ya kunyoosheana vidole, tupime. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, maji yakifunguliwa, kila mtu atege ndoo ya lita ishirini, aandike imejaa kwa dakika ngapi." Msimamizi wa kundi, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa kukataza watu kutuma picha za maua, alifufuka. Akatangaza kwamba atachora ramani ya maji ya mtaa.

Asubuhi ile acha tu. Kundi lililozoea salamu na ugomvi wa takataka liliwaka moto. "Mbili." "Mbili na nusu." "Sisi tatu, ila ndoo ina ufa." Mtu mmoja akaandika "Amina", akafokewa na watu saba. Dobi alisimama uani, ndoo chini ya bomba, simu mkononi. Namba zilishuka nyumba kwa nyumba, kufuata bomba la mtaa, hadi kwa kinyozi: tatu. Kwa dobi: kumi na tisa. Waliokuwa chini yake: ishirini na mbili, thelathini, na fundi viatu wa mwisho kabisa alituma picha ya ndoo kavu yenye mende.

"Mmeona?" dobi akaandika, furaha imempanda kichwani. "Yanafika kwake, yanaishia hapo."

"Subiri," akaandika mwalimu. "Kinyozi, funga koki yako kabisa. Dobi, pima tena."

Kinyozi akatuma picha ya koki iliyofungwa. Dobi akapima, kundi zima likimngoja. Kumi na tisa.

"Basi kinyozi hahusiki," mwalimu akaandika. "Maji yanapotea kati ya ukuta wake na bomba lako. Hapo katikati pana nini?"

Mama mkwe wake dobi, aliyeketi kizingitini akisomewa kila ujumbe, alikohoa. "Mwanangu, huu ua ulisakafiwa lini?"

Dobi akaanza kupanda kwenye ujumbe wa zamani. Akaikuta picha aliyoituma mwenyewe: yuko katikati ya sakafu mpya, meno yote nje, ameegemea nguzo ya chuma ya kamba ya kuanikia. Fundi wa sakafu alitaka kuichimbia ile nguzo polepole. Yeye ndiye aliyemhimiza aipigilie kwa nyundo, amalize aende. Pongezi arobaini na tatu. Na ujumbe wa kwanza wa kesho yake: "Majirani, maji vipi leo?" Chini ya sakafu ile kulikuwa na shimo la zamani la maji machafu. Siku zote hizo lilikuwa likinywa maji yaliyovuja, na juu halikuonekana hata tone.

Baada ya picha ile zilikuwa zimepita jumbe elfu. Akinyamaza, nani atapanda kuitafuta? Alitamani kunyamaza, tena sana. Kisha akaiona meza pale mlangoni, upande uliokuwa wa taulo za kinyozi, umebaki mtupu.

Akaituma picha upya. "Mwizi wa maji amepatikana. Ni huyu anayecheka kando ya nguzo. Kinyozi, kaka yangu, nilikuchafua mbele ya watu, naomba radhi mbele ya haohao."

Kundi likawa kimya kama alivyoota mwalimu kwa miaka miwili. Kisha lango likagongwa. Mwashi na nyundo yake, fundi viatu na sururu ya kuazima, fundi bomba wa juu mtaani na mfuko wa vifaa. Sakafu ikapasuliwa, nguzo ikang'olewa, na pale chini bomba lilikuwa limetobolewa sawasawa. Kufikia saa nne limeungwa. Dobi akatega ndoo, na ua mzima ukahesabu kwa sauti.

Dakika mbili. Hata mama mkwe alisimama. Nyumba za chini zikaanza kutuma namba zao, mbili, tatu, tatu, na fundi viatu, aliyekuwa amekimbilia kwake, akatuma video ya mende akiogelea.

Dobi alikuwa ndani ya povu hadi viwiko, shuka za kliniki zikilowa, kinyozi alipoingia na furushi la taulo. Akaliweka mezani, upande uleule.

"Najua una kazi ya kliniki, dada. Zangu ziwe za mwisho."

"Naanza na zako," alisema dobi, akilifungua furushi.