Kisigino cha Kinyozi

Kinyozi alikuwa mfalme wa njia ya kasi, na kama wafalme wengi, hakupigiwa kura na mtu. Bwawa la kuogelea la mtaa lilikuwa na njia tatu zilizotengwa kwa kamba za maboya: ya pole kando ya ngazi, ya wastani katikati, na ya kasi upande wa mbali, chini ya kiti cha mlinzi. Kila asubuhi kabla hajafungua duka lake la kunyolea, kinyozi aliingia ile ya kasi kama mtu anayeingia chumbani kwake mwenyewe, bila kubisha.

Sheria alizijua, usipime. Mgeni alisomewa kabla hajalowa nywele. Unakwenda ukibana kulia, unarudi ukibana kulia. Hulali katikati kama gogo. Wa nyuma akikugusa kisigino, ukifika ukutani unajibanza kwenye kona umpishe, na ukishampisha unangoja upenyo, huchomoki mbele ya watu.

"Na ukiona unaguswa kila siku," alimalizia, mikono kiunoni, "jua wewe si wa hapa. Pita chini ya kamba uende kwa wenzako."

Na kugusa aligusa. Mshona makochi, rafiki yake wa tangu ujana, mwenye goti bovu, aliguswa mpaka akahamia njia ya pole. Huko nako kinyozi akamfuata kwa maneno, akimuuliza mbele za watu kama amekuja kuogelea au kujiloweka. Mshona makochi akaacha kuja. Kinyozi aliwasimulia wateja kisa hicho huku wembe uko shingoni mwao, kwa hiyo wote walicheka.

Ila wateja wenyewe walikuwa wanapungua. Kijana mmoja alikuwa amefungua duka upande wa pili wa barabara, lenye viti vinavyozunguka na muziki, na hata wale ambao kinyozi aliwanyoa tangu utosi haujakomaa sasa walipita mlangoni kwake wakijitia kusoma simu. Mahali pekee palipobaki watu wakimfuata nyuma ni majini.

Tena walimfuata kwelikweli. Wa kwanza nyuma yake alikuwa mkwewe, fundi wa majokofu aliyemwoa binti yake, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono kama makasia. Nyuma ya fundi alikuja muuguzi aliyetoka zamu, kisha wengine wamepangana. Kinyozi alipogeuka ukutani na kuona kofia zile za mpira zimejipanga, kifua kilimvimba, ingawa siku hizi kifua hichohicho kilikuwa kinampigia filimbi. Fundi huyo, kinyozi alimbatiza jina la Jokofu. Bafuni, sabuni machoni, alimuuliza kila mara kama leo tena ameganda, na kama nyumbani kwake pia mambo huenda kwa mwendo huohuo. Fundi alicheka kidogo na kumpa taulo.

Siri ilikuwa ndogo. Fundi alilelewa kwamba baba wa mke hasukumwi wala hapitwi mlangoni, sembuse kuguswa kisigino na mkwe aliyevaa chupi ya kuogelea. Basi alipunguza mikono, akaacha kupiga miguu, akaelea nyuma ya mzee kama mtu anayesindikiza mgonjwa chooni. Na wa nyuma, kwa kuwa sheria ni kumgusa aliye mbele yako, walimgusa yeye, naye alivumilia bila kupisha.

Siku hiyo kinyozi alisimama ukutani kuweka sawa miwani, na wote wakasimama. Akawatazama, akatabasamu.

"Mnanifuata kama vifaranga," alisema. "Hamchoki kula mapovu yangu?"

Muuguzi alikuwa amekesha wodini, na ulimi wake ulikuwa umekesha naye.

"Hatukufuati, kaka," alisema. "Tumekwama nyuma yako. Huyu mkweo anakuonea haya, na sisi tunalipia haya zake. Umevishwa kilemba cha ukoka na wewe umekikaza."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Kinyozi alimgeukia fundi, akamuuliza kama ni kweli. Fundi alivua miwani yake, akaifuta kwa kidole, akaivaa tena.

"Mimi sina haraka, baba," alisema.

Angemtukana ingekuwa nafuu. Kinyozi alimwambia basi amguse leo, ampite, watu waone binti yake ameolewa na nani. Fundi akajaribu kukataa. Kinyozi akamwita mwanamke. Kisha akajisukuma ukutani na kuondoka kwa nguvu zake zote, pamoja na zile alizokuwa amejiwekea za kurudia.

Katikati ya bwawa alisikia kidole kwenye kisigino. Kilikuja taratibu, kama kubisha kwenye mlango wa mtu aliyefiwa. Akajifanya hakusikia. Kikaja tena. Ukuta ulipofika, mapafu yake yaliamua kabla yake, naye akajikuta amejibanza kwenye kona, mdomo wazi.

Fundi alipita akiwa ameinamisha kichwa. Muuguzi akapita. "Asante, mzee," alisema. Aliyemfuata akasema hivyohivyo, na wa nyuma yake, na wa mwisho, wote kwa adabu, kila mmoja na asante yake, kila mmoja na mzee wake. Mpaka jana walimwita bingwa.

Alingoja upenyo. Lakini njia sasa ilikuwa imefunguka. Fundi alikuwa amenyoosha ile mikono, wengine wamejipanga nyuma yake kwa nafasi sawa, na kila kinyozi alipokunja magoti kujisukuma, kofia nyingine ilikuwa tayari inakuja. Fundi alipogeuka tena ukutani, alivutia pumzi upande wa pili, asimwone.

Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuwa akijifunza kuelea njia ya pole, alimwona ametulia pale muda mrefu, akamwita kwa wema kabisa: mzee amechoka? Mbona huku nafasi ipo tele?

"Sijachoka," alisema kinyozi, akikaza miwani ambayo haikuwa imelegea. "Nawapisha tu hawa."

Akakunja magoti tena.