Mkono wa Alimasi

Emilienne alikuwa ameshika mikono mingi iliyoharibiwa na vita. Katika vita vya kwanza vya Wazungu, huko kwao ng'ambo, alikuwa akiwafundisha askari majeruhi kushona na kusuka ili viungo vilivyokakamaa vilainike. Vita vya pili vilipozuka alikuja Kasongo, nchini Kongo, kufanya kazi ile ile hospitalini, kwa hiari yake.

Alimasi, askari aliyejeruhiwa, aliletwa kutoka vitani Abisinia, vidole vya mkono wa kulia vigumu kama kuni. Emilienne akampa ukindu asuke kikapu. Alimasi akausukuma kando.

"Mama, hii iko kazi ya wanamuke. Kwetu Nyangwe mwanaume anafunga nyavu. Unipatie uzi."

Akapewa. Mwanzoni fundo moja tu lilimtoa jasho. Kidole kwa kidole, mkono ukafunguka. Daktari alikuwa amemwahidi: akipona atarudi kwao kuvua. Hakutaka kingine duniani.

Siku moja Gérard, wakala wa mgodi wa dhahabu huko Kabambare, aliyeruhusiwa na serikali kuchukua watu wa kazi kwa nguvu, akapita wodini. Emilienne akashindwa kujizuia. Kiherehere kile! Akamwita Alimasi aonyeshe kazi yake. Alimasi akafunga mafundo harakaharaka, meno yote nje.

Gérard alikuwa akitafuna karanga. Akatema maganda sakafuni, akaushika ule mkono kwa vidole vyake vya mafuta, akauminya na kuugeuza kama anayenunua kuku sokoni. Emilienne alimwonea kinyaa.

"Huyu amepona. Kesho apande lori, mgodini tunakosa watu."

"Ameahidiwa kurudi kwao!"

"Kuvua samaki wakati wa vita? Hongera, Mademoiselle. Tutengenezee na wengine."

Tutengenezee! Kumbe miaka yote hiyo alikuwa fundi baiskeli. Alimchukia yule mtu, na alijichukia zaidi yeye mwenyewe. Alikimbilia kwa daktari. Daktari akatazama dirishani na kusema hana uwezo.

Asubuhi lori likaondoka na Alimasi. Hakumuaga Emilienne, wala hakumtazama.

Kitanda jirani na cha Alimasi kilikuwa cha Lukumani, aliyeyaona yote. Naye mkono wake ulikuwa umekakamaa. Emilienne akaketi, akaanza kumnyoosha vidole kimoja kimoja. Lukumani akavikunja tena.

"Muniache hivi, Mama. Hivi nitafika kwetu."

Emilienne akauachia ule mkono, akatoka nje, akatapika.