Maziwa Iko na Tamu

Mkinikuta nimenyamaza hapa kaunta msidhani ni adabu. Mdomo nilizaliwa nao. Baba yangu, Jairus, alitoka Nyakach kuja kufanya kazi kiwanda cha chai, nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi huko Kericho, na kufika darasa la tatu nilikuwa najua kuiga majirani zetu Wakipsigis hadi watoto wanashika mbavu. "Papa amepanda paiskeli!" B nageuza p, d nageuza t, g nageuza k. Hakuna mtu anayejua hiyo Kiswahili yao kuliko mimi, Beldina. Kwa hivyo sina kisingizio, na sitaki mnitafutie.

Nauza katika duka la dawa za mifugo la mzee Momanyi, hapa Silibwet. Mzee aliniletea kompyuta ya kuandika dawa zilizobaki. Mimi nikaiwekea gemu. Ni gemu ya hoteli: wewe ndiwe mhudumu, wateja wanaingia, na kila mmoja ana mioyo mitano juu ya kichwa. Ukimchelewesha, moyo mmoja unazimika, halafu mwingine, na ikiisha yote anainuka na kuondoka kwa hasira. Akiondoka hata mmoja, umeshindwa, unaanza upya. Hatua ya thelathini na nane ilikuwa imenisumbua siku nne. Siku nne, yawa! Hata nikiosha vyombo nyumbani naona zile meza.

Jumatatu, mvua ikianza kunyesha, akaingia Kogo Rebeccah. Kogo ni nyanya, hapa ndivyo tunavyowaita. Anaishi huko juu karibu na mashamba ya chai na mjukuu wake Caren, msichana wa miaka mitano. Wawili hao na ng'ombe mmoja, basi. Caren anaishi kwa maziwa ya huyo ng'ombe. Kogo alikuwa ametoka kupeleka majani, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Chamgei, kogo," nikasema, macho kwa skrini.

"Chamgei mising." Akafuta uso kwa leso. Mteja wa meza ya tatu alikuwa amebakisha mioyo miwili. "Mtoto yangu, nimekuja juu ya ng'ompe. Nimekamua leo asupuhi. Maziwa iko na tamu."

Mimi nikasikia tamu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemuuzia chumvi ya ng'ombe, na kwa maneno yangu mengi nikamwahidi maziwa yatakuwa matamu. Kichwa changu, chenye haraka ya supu ya meza ya tatu, kikaniambia huyu amekuja kunishukuru.

"Si nilikuambia!" Nikarusha mkono kwa rafu ya nyuma, nikachukua pakiti ya chumvi bila hata kugeuka. "Mpe hii tena. Iko sawa kabisa, kogo."

"Hakuna shita?"

"Hakuna shida yoyote. Enda tu."

Akasimama kidogo. Nilimwona kwa pembe ya jicho, nikajifanya sijamwona. Halafu akaifunga ile chumvi kwa leso, akatoka mvuani. Dakika mbili baadaye nikamaliza hatua ya thelathini na nane, nyota tatu, na nikapiga makofi peke yangu dukani kama mwendawazimu.

Alhamisi asubuhi Daktari Kipchirchir, yule wa mifugo, aliingia na gambuti zimejaa matope. Mzee Momanyi alikuwepo.

"Natoka kwa Rebeccah," akasema. "Ng'ombe amekufa. Kiwele kimeoza chote. Mama wa watu anakamua damu tangu Jumatatu, na anampa chumvi! Angepata dawa siku hiyo hiyo tungemwokoa. Nani alimpa chumvi?"

Damu. Mungu wangu, damu. Maziwa iko *na* tamu. Ile "na" ikanirudia.

Kabla mzee hajaniuliza, kogo mwenyewe akaingia. Alikuwa ameleta chumvi iliyobaki, kwa sababu hana tena wa kumpa. Akaiweka kaunta mbele yangu, imefungwa tena vizuri kwa karatasi yake.

"Msikompeze huyu mtoto," akasema. "Ni mimi. Kiswahili yangu ni mpaya. Nimesema tamu, naye amesikia tamu." Akacheka kidogo, ameona haya. "Mtomo yangu haiwezi. Sikiza. Ta... tamu. Tamu."

Daktari akatabasamu. Mzee Momanyi naye akacheka, hasira ikamtoka. "Basi ni lugha tu," akasema. "Pole sana, mama."

Mnaona? Nilikuwa nimepona. Kazi yangu iko, jina langu liko, na mzigo ameubeba mwenye hasara. Ningenyamaza tu. Na nilinyamaza, sitawadanganya, nilinyamaza hadi akafika mlangoni. Nilikuwa nawaza Caren, vile anavyokuja hapa na kikombe chake cha plastiki mkononi.

"Kogo!" Sauti ilitoka vibaya. "Ulisema vizuri. Hiyo tamu yako naijua tangu utotoni. Sikuwa nakusikiliza. Nilikuwa nacheza gemu."

Mzee Momanyi aliacha kucheka.

Kogo akarudi polepole. "Kemu ni nini?"

"Ni mchezo. Wa hii kompyuta." Nikaigeuza skrini imwelekee. "Wa kuhudumia wateja."

"Wateja kani?"

"Si watu, kogo. Ni picha. Wanakuja, wanangoja, unawapa chakula kabla wakasirike."

Akaitazama skrini muda mrefu. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hiyo ndiyo iliyoniua. Alikuwa anataka tu kuelewa.

"Na hao," akauliza, "uliwapatia?"

"Wote, kogo," nikasema. "Hakuna hata mmoja aliyeondoka."