Mwenzake Bibi Harusi

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika alimpima kasuku wake kwenye mizani ya jikoni, ile ile ya kupimia unga. Kasuku alikuwa mweupe, mwenye kishungi cha manjano, na jina lake Bibi Harusi. Kwa mwezi mzima alikuwa akijinyonyoa mwenyewe, na kifua kilikuwa kitupu kama cha kuku anayesubiri sufuria.

Manyoya aliyojinyonyoa hayakuanguka sakafuni. Yaliota kwa mke wa Bwana Dakika, mshonaji wa sare za shule, kuanzia bega la kushoto. Mwanamke alitoboa gauni lake la kazini mahali panapofaa, akapinda kingo, akaendelea na sketi za darasa la pili.

Daktari wa mifugo aliitwa, akamtazama ndege. "Upweke tu huu," alisema. "Mletee mwenzake. Ila msiwakutanishe kwa pupa, watang'oana macho." Akaandika masharti kwenye karatasi. Mgeni akae chumba cha peke yake siku thelathini; kisha matundu yawekwe ubavu kwa ubavu; kisha wakutane mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Sharti la mwisho alilipigia mstari: wa zamani asalimiwe kwanza, asije akajiona amesahauliwa.

Chumba kilichokuwapo ni kile cha kushonea. Mgeni alipoletwa, cherehani ilihamishiwa kwenye korido, karibu na mlango wa choo, na mwenye cherehani akaifuata. Hakuulizwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Hawasemi ni mwenyeji yupi.

Yeye ndiye aliyeibandika karatasi ukutani, na sharti la mwisho alilisoma mara tatu. Katika nyumba ile hakukuwa na wa zamani kumzidi: yeye miaka kumi na tisa, Bibi Harusi sita. Basi kesho yake aliamka mapema, akachana nywele, akachana na manyoya, akasimama kwenye korido.

Bwana Dakika alitoka chumbani. "Umeiona miwani yangu?"

"Ipo juu ya friji."

Aliichukua, akaenda kwa Bibi Harusi. "Umeamkaje, mpenzi wangu? Umelala salama? Umeota nini?" Alikaa naye nusu saa kamili. Kisha akaingia kwa mgeni nusu saa nyingine, akamwimbia, halafu akaenda dukani. Mwanamke alisimama pale pale kila asubuhi kwa siku thelathini. Siku thelathini, jamani! Hata mwenye nyumba anayekuja kufukuza wapangaji husalimiwa.

Wateja hawakuwa na neno. Mzazi mmoja alimsaidia kuchomoa unyoya ulionasa kwenye sindano. Dada yake alipomtembelea alimkagua mabega kwa jicho kali.

"Umenenepa?"

"Manyoya haya."

"Afadhali. Na shemeji anasemaje?"

"Hajasema kitu."

Dada mtu aliguna, akaomba sukari.

Siku ya kuwakutanisha ndege ilipofika, Bwana Dakika alichagua meza ya mkewe ya kukatia vitambaa, kwa sababu, alisema, hapo si pa mtu. Ndege walizungukana, wakatishiana vishungi, kisha mgeni akainamisha shingo na Bibi Harusi akamkuna. Kuanzia hapo hakujinyonyoa tena. Kifua kikajaa, na nyumba ikawa na kelele za raha.

Manyoya ya mwanamke hayakurudi nyuma. Yalishuka hadi viganjani, na utosini kikaota kishungi, kikawa kinasimama kila mlango unapofunguliwa. Jioni moja, mezani, aliona aseme yaishe.

"Mume wangu, niulize nimeamkaje."

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa?" Bwana Dakika akanawa mikono, akaenda kuwabadilishia ndege maji.

Mwisho wa mwezi daktari alirudi. Aliwapima wawili wale, akaridhika. Alipokuwa akitoka alimkuta mwanamke kwenye korido, ameketi nyuma ya cherehani, anajinyonyoa mkono. Alimnyanyua bawa, akapuliza manyoya ili aone ngozi.

"Huyu naye ni mpweke," alisema. "Tena wa siku nyingi kuliko yule. Huwa anazungumza na nani?"

Kishungi cha mwanamke kilisimama wima. Bwana Dakika alifikiri kwa dhati kabisa, maana hakuwa mtu wa kudanganya daktari.

"Huyu hana shida," alisema. "Huyu ameshazoea."

Daktari aliandika hivyo kwenye kadi, akaaga. Kishungi kikalala taratibu. Mwanamke akakanyaga cherehani, kwa kuwa sketi arobaini zilitakiwa Jumatatu.