Mafuta Ndani ya Gundi

Tangu serikali iwahamishie watu wao katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge karibu na Garissa, Shamso hakuruhusiwa tena kwenda porini kutafuta ubani. Alibakiwa na kichupa kimoja cha mafuta ya ubani, na bintiye Fatumo alikuwa karibu kujifungua. Mzazi asiyefukizwa kwa ubani, kwao, ni kama aliyetupwa.

Joto lile lingeyachachisha mafuta. Basi akafanya kama mamaye alivyokuwa akifanya: akaloweka gundi ya mgunga, akatia mafuta, akapiga mpaka vikawa vyeupe kama maziwa. Akadondosha matone juu ya ngozi ya mbuzi, akayaanika kivulini. Kila tone likakauka likawa punje ngumu, mafuta yamefungiwa ndani. Akazitia punje mkebeni, na mkebe akaufukia chini ya kitanda cha Fatumo, penye ubaridi.

Kufukia ndiko kulikomponza. Asubuhi moja askari waliingia kusaka bunduki za waasi wa shifta, wakichoma ardhi kwa nondo. Katika kibanda cha Fatumo nondo iligonga bati.

Askari walirudi nyuma. Mkubwa wao alimkamata Jelle, mume wa Fatumo, akamwamuru achimbe kwa mikono, kwani huenda ni bomu. Jelle alipiga magoti. Kutoka nyumba za jirani wanaume walikuwa wamechukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na hawakurudi.

Shamso aliingia mbio. Alimsukuma mkwewe kando, akafukua mwenyewe, akafungua kifuniko.

"Hii nini?" mkubwa aliuliza, bunduki ikiwa bado imemwelekea Jelle. "Sumu? Baruti?"

"Mafuta," Shamso alisema. "Mafuta ya mtoto yangu. Iko ndani."

"Mama, mafuta hayawi punje."

Aliomba maji kwa ishara, maana maneno ya Kiswahili yalikuwa yamemwishia. Hakuna aliyesogea, ila koplo mmoja kijana alifungua chupa yake ya kiunoni na kummiminia kikombeni, taratibu, bila kumwaga. Shamso alitumbukiza punje. Ilivimba, ikalegea, maji yakawa meupe, na harufu ya ubani ikajaza kibanda, mbichi kama siku mafuta yalipokamuliwa. Shamso akayanywa yote, akawatazama.

Walikaa wakimngoja aanguke. Fatumo alilia pembeni, mikono tumboni. Mwishowe mkubwa alitema mate, akashusha bunduki, akatoka.

Koplo alibaki nyuma kidogo. Alikifunga kifuniko cha mkebe, akakikaza vizuri, akamkabidhi Shamso mkebe kwa mikono miwili.

Siku hiyo Shamso hakuufukia tena. Aliutundika mlangoni, kwenye joto, mahali ambapo kila apitaye angeuona na kuufungua akitaka. Ubaridi umekosekana, sasa gundi pekee ndiyo itakayoyalinda mafuta hadi mtoto azaliwe. Na kila bati lilipolia popote kijijini, aliinuka kuhakikisha Jelle bado yupo.